Piko Kwenye Mikono ya Bibi Harusi

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa yaliyopita si ndwele.

Siku moja kabla mdogo wangu hajaolewa, mpambaji alikuja nyumbani kwetu Mirongo na bakuli la hina aliyoikoroga kwa ndimu. Mama wa makamo, mpole. Mdogo wangu alikuwa bado anaoga. Nikaitazama hina nikaguna. Sisi ni weusi hasa. Hina juu ya mikono yetu huonekana kama chai iliyomwagika.

"Weka piko," nikamwambia.

"Piko ni dawa ya kutia nywele weusi, mwanangu. Hina inatosha, nitairudia mara mbili ikolee."

"Weka piko. Nataka ionekane kwenye picha."

Akaweka. Mdogo wangu alipolalamika kwamba inachoma, nilicheka nikamjibu: ukitaka uzuri, sharti udhurike.

Asubuhi mikono ilikuwa imevimba, malengelenge yamefuata kila ua na kila jani. Nikamkimbiza zahanati. Nesi alitazama bila kuinuka kwenye kiti.

"Sioni wekundu. Ingekuwa mzio, ngozi ingekuwa nyekundu."

"Nesi, huyu atakuwa mwekundu vipi? Mguse basi!"

Hakumgusa. Alisema mabibi harusi wana wasiwasi tu, akapake mafuta ya nazi. Ngozi yetu ikiungua huzidi weusi, hukakamaa, hutoa joto. Na yeye, mwenye ngozi hiyohiyo, alikuwa anatafuta wekundu wa kwenye vitabu!

Ndoa ilifungwa mikono ikiwa chini ya kanga, majimaji yanapenya. Jumatatu tukampata daktari pale hospitali ya Nyamagana, akaishika ile mikono kwa vidole vyake mwenyewe. Akasema ni mzio wa dawa ya nywele, asiipake tena maishani, na makovu huenda yasitoke. Kisha akauliza ni nani aliyetaka piko.

Mdogo wangu alinitazama, naye akisubiri jibu.

"Mpambaji," nikasema haraka.

Maua yale yapo hadi leo, meusi kuliko ngozi yake. Kila akivaa gauni la mikono mifupi anamlaani yule mama, na majirani wanamsaidia. Hakuna anayemwita tena kwenye harusi mtaani kwetu.

Jana nimemkuta sokoni anauza dagaa. Nikamwamkia kwa sababu tulishaonana uso kwa uso. Akaitikia marahaba, akaacha kupima dagaa wake, akaniuliza kama mikono ya mdogo wangu imepona.