Pembe Iliyotaka Mshenga

Mume wangu alirudi Kilwa Kivinje mwezi wa Aprili 1946, akitoka vitani Burma. Wenzake waliorudi pamoja naye walileta baiskeli na makoti mazito. Yeye alileta pembe ya shaba. Ni ile ambayo vitabu huiita pembe ya Kifaransa: bomba refu lililozungushwa hadi likawa duara, lenye kipulizio chembamba upande mmoja na domo pana upande wa pili, na domo hilo huelekea nyuma ya mpigaji. Bendi ya jeshi, ambamo yeye alikuwa mpigaji, ilikuwa imeitupa kwa sababu ilibonyea, naye akaiomba.

Jirani zetu walimpokea kwa vicheko. "Bwana, vita vyote hivyo, umetuletea sufuria ya pilau?"

Hakuweza kuwajibu kwa namna aliyoitaka. Lori lililopinduka lilikuwa limemng'oa meno mawili ya mbele, na pembe ile haipigiki pasipo meno, kwani mdomo hukosa pa kuegemea. Hivyo mtu aliyekuwa amepiga mbele ya majemadari hakuweza kupiga mbele ya watu wa mtaa wake. Aliisugua kwa majivu na ndimu kila Ijumaa asubuhi, kisha akaitundika ukutani.

Nitaje hapa kwamba mimi nilianza kusoma mwaka 1953, nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Tarehe ninazoziandika nimezitafuta baadaye, nikiilinganisha miezi yetu na ya Kizungu, na sikuandika hata moja ambayo sikuridhika nayo.

Siku moja nikamwambia, "Nifundishe mimi."

Alicheka hadi pengo likaonekana lote. "Bibie, ninyi wanawake pembe zenu ni za ng'ombe, mnazipiga kwa fimbo, arusini."

"Pumzi ninazo. Nimepuliza kuni mbichi jikoni kwako miaka kumi, na moto umewaka."

Akanifundisha. Alinikalisha katika chumba cha ndani, juu ya kigoda, mgongo wangu ukielekea ukuta wa mawe. Mkono wa kushoto ulibonyeza funguo tatu. Wa kulia uliingia ndani ya domo la pembe, kama mkono wa mtu anayepapasa kitu ndani ya mtungi. Midomo nilitakiwa niibane na kuitetemesha, si kuvimbisha mashavu. Nilipotaka kugeuka nielekee ukuta, alinirudisha. "Pembe hii ina haya," alisema. "Haijisemei. Inataka mshenga." Nilidhani ni mzaha wake tu, maana alikuwa mtu wa mizaha.

Alifariki tarehe 11 Januari 1950, siku ya Jumatano, katika mwezi wa Mfunguo Sita. Nilikaa eda, na pembe niliifunga ndani ya kanga; sikuigusa.

Nilikuwa bado ndani ya eda alipokuja mkuu wa bendi ya chama chetu cha beni, ile ngoma ya mashindano inayoiga bendi za jeshi. Alikuwa fundi cherehani, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Alikaa barazani, tukazungumza yeye nje na mimi ndani, pazia likiwa kati yetu.

"Pole, bibi."

"Nimekwisha kupoa, alhamdulillahi."

"Nimekuja kwa ajili ya lile pembe. Marehemu alikuwa mwenzetu. Tukilipeleka Lindi, kuna mfanyabiashara atakayetubadilishia kwa tarumbeta iliyonyooka, yenye kusikika."

"Pembe itaingia chamani," nilisema, "nami nitaingia nayo. Mimi ndiye mwalimu wake."

"Mwalimu wa nani?"

"Wa atakayekuja kujifunza. Nipe siku moja uwanjani. Isiposikika, uichukue uende nayo Lindi."

Nilijua nilichokiweka rehani. Mjane anayejistahi hachezi uwanjani, wala sikutaka kucheza. Lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kusema kwamba mjane asifundishe. Na nilitaka mji ule, uliomwita mume wangu mbeba sufuria, uisikie pembe yake angalau mara moja.

Nilitoka eda mwezi wa Mei. Mwanafunzi aliyejitokeza alikuwa mmoja tu: mwanamke wa Kimachinga, muuza vitumbua, mwenye kifua kipana na mdomo usiokosa jibu. Kasoro yake ilikuwa ulimi. Katika arusi zetu yeye ndiye aliyeongoza vigelegele, na kila alipopuliza, ulimi ulikimbilia huko huko. Sauti ikatoka inatetemeka kama mbuzi aliyelowa.

"Leo hapaolewi mtu, mwanangu," nilimwambia. "Laza ulimi chini."

"Shikamoo, mwalimu. Ulimi wangu haujawahi kulala tangu nizaliwe."

"Marahaba. Basi utalala leo."

Ulilala, baada ya majuma mawili. Mwanzoni mwa Juni, kabla ya mfungo, mkuu wa bendi akatuita kwenye mazoezi, mahali peupe karibu na pwani. Ngoma zilianza, filimbi zikafuata, kisha mwanafunzi wangu akapuliza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilisikia kila kitu: sauti pana, laini, isiyo na tetemeko. Nikajisikia fahari. Kisha nikaona nyuso za waliokuwa mbele.

"Ameanza?" mpiga ngoma aliuliza.

"Ameshamaliza," mkuu wa bendi akamjibu, na watu wakacheka. Akanigeukia. "Bibi, hilo pembe linaongea na bahari. Siku yako ni Idi, tutakaposhindana na wapinzani. Baada ya Idi, Lindi."

Mwanafunzi wangu alinifuata hadi nyumbani kwangu. Mimi nilikuwa nikijiuliza swali moja: kwa nini nyuma nisikie vyote, na mbele wasisikie kitu? Nilipoingia chumba cha ndani, nikakiona kile kigoda pale alipokiweka marehemu, kikiupa mgongo ukuta wa mawe. Nikamwita yule mwanamke.

"Kaa hapo. Puliza."

Nikasimama mlangoni, mbele yake. Sauti iligonga ukuta nyuma yake, ikarudi, ikanifikia imejaa. Maneno yale ya marehemu hayakuwa mzaha. Mshenga alikuwa ukuta.

Mwezi wa Ramadhani hatukupuliza mchana. Tulifanya mazoezi baada ya futari. Mchana nilizunguka uwanja utakaochezewa, nikipiga makofi na kusikiliza. Upande mmoja palikuwa na ghala kuukuu la mawe ya matumbawe, ukuta wake mrefu na usio na dirisha. Asubuhi ya Idi, mwezi wa Julai, nilimkuta mkuu wa bendi akiwapanga watu wake katikati ya uwanja.

"Turudi nyuma hadi kwenye ghala," nilisema.

"Wapinzani waseme tumejificha ukutani?"

"Bwana fundi, ulipokwenda kuposa, ulikwenda mwenyewe?"

"Nilituma mshenga. Hilo linahusiana nini na ngoma?"

"Pembe hii nayo ina mshenga wake. Siku hii ulinipa mimi. Nipe na mahali."

Alinitazama, akatazama chama cha wapinzani kikiingia na tarumbeta zao tatu zilizonyooka, akasonya. Lakini aliwarudisha watu wake nyuma.

Wapinzani walipiga kwanza, na sitasema kwamba walipiga vibaya. Zamu yetu ilipofika, mwanafunzi wangu alisimama hatua chache kutoka ukutani, akaingiza mkono katika domo la pembe, akalaza ulimi. Sauti ilikwenda nyuma, ikarudi, ikapita juu ya ngoma, ikauvuka uwanja mzima. Mpiga ngoma wa upande wa pili aliinua kichwa akatazama paa la ghala. Bibi mmoja mzee akauliza kwa nguvu, "Mmemfungia nani humo ndani?" Nilivuta buibui usoni, na nikakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Mkuu wa bendi alinijia baadaye. "Ukuta ndio uliopiga," alisema.

"Basi upeleke ukuta Lindi ukaubadilishe."

Pembe haikwenda Lindi. Wanawake wengine wawili walikuja kujifunza kabla ya Agosti kwisha. Lakini mkuu wa bendi alikuwa bado ananiita "bibi", kana kwamba nimekuja chamani kwa matembezi.

Mwezi wa Septemba chama kilialikwa arusini Somanga. Kule nyumba zilikuwa za udongo na makuti, ambazo huimeza sauti, na sikulala vizuri nikiwaza. Asubuhi ya safari nilifika penye lori, nikamkuta fundi anavuja jasho, akiwasimamia wanaume wanne wakipakia mlango. Nilipotazama upande wa duka lake la cherehani, niliona gunia limetundikwa mahali pa mlango.

"Mwalimu," alisema bila kunitazama, "mshenga huyu anatosha?"

Niliugonga mlango kwa kidole. Ulikuwa wa mninga, mzito, usio na ufa.

"Anatosha," nilimjibu. "Lakini huko tuendako, mtamshika asimame wima."