Kichwa Kilichorudishwa Shingoni

Juzi nilikuwa kwenye ghala la mizigo hapa Kilindoni, nikisubiri boksi langu. Mbele yangu alisimama bibi mmoja Mfaransa, mkazi wa Miburani wa siku nyingi, aliyefuata sanamu ya jiwe aliyoachiwa na baba yake. Ilichongwa kwao karne nyingi zilizopita.

"Shikamoo, mama," karani alisema kwa furaha. "Ilifika imevunjika, lakini tumeshakutengenezea."

Bibi aliitikia, akafunua boksi, kisha akashika mdomo. Sanamu ile ni ya mtakatifu aliyekatwa kichwa kwa ajili ya dini yake. Wanasema alikiokota akatembea nacho. Mchongaji alikiweka mikononi mwa mtakatifu. Karani alikuwa amekibandua kwa patasi, akakigandisha shingoni kwa saruji.

"Nani kakwambia imevunjika?" bibi aliuliza.

"Sasa mama, nani anabeba kichwa chake mkononi?"

"Si ungenipigia simu!"

"Nilitaka kukusaidia tu."

Jamani, nimechoka na msaada huu usiomuuliza mwenye kitu. Waliomuua yule shahidi angalau walijua wanafanya nini.

Bibi aliketi juu ya boksi akalia. Karani alimwinamia kwa huruma ya kweli.

"Basi usilie, mama. Tumkate tena?"