Nimeshinda hoja, nimempoteza kipa

Leo mchana nimeshinda mjadala, na nusu ya timu yangu imeondoka. Naomba msicheke.

Tulikutana mgahawani, mtaa wa Zhanxi, kupanga bonanza la soka la Jumapili. Mwenyekiti wa jumuiya yetu akatangaza kwamba Watanzania wote tutatoa timu moja.

Moja! Sisi Wazanzibari tumecheza kwa jezi yetu hapa Guangzhou miaka yote, leo tumezwe?

Nikasimama. Nikawaeleza kwamba Ujerumani, baina ya vita vikuu viwili, haikuwa na ligi moja ya taifa. Kila kanda ilikuwa na ligi yake, na mabingwa wa kanda walikutana mwisho wa msimu kugombea taji. Ligi ya kusini ilikuwa moto. Je, soka lao lilikufa?

Mwenyekiti akachoka. "Haya bwana, chukua kanda yako. Tule."

Hapo kipa wetu Hamad, mwanafunzi kutoka Pemba, akaweka kijiko chini.

"Ami, umeishia njiani. Hiyo kanda ya kusini nayo iligawanywa vipande, na vipande vikagawanywa tena. Nimesoma."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Pemba tunatoa timu yetu."

Wapemba watano wakahama meza. Na sahani zao! Hata laoban, yule Mchina mwenye mgahawa, asiyejua neno la Kiswahili, alicheka.

Miaka yote nawapigia kelele watu wasome.

Sasa natafuta mtu wa kudaka Jumapili. Awe Muunguja, awe mrefu, na tafadhali, awe hajawahi kufungua kitabu cha historia.

Nitajieni majina hapo chini.