Namba Isiyogawanyika

Wiki jana nilipeleka ubao mweupe katika shule yetu ya zamani huku Matinyani. Niliununua kwa jasho langu. Mimi ndiye wa kwanza kijijini kupata diploma ya umeme, na nyumba yangu ya mawe unaiona kutoka barabarani. Basi watoto walipotoka kwenda kula, nikachukua kalamu nikaandika 73939133.

Namba hiyo, rafiki yangu, mwalimu wetu wa hesabu aliiandika kwa chaki ubaoni. Akasema ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tena ukiikata mkia, tarakimu moja moja kutoka kulia, kila kinachobaki nacho ni tasa, hadi ufike saba. "Asiyeamini akahesabu," alisema.

Kila Ijumaa, aliyeshinda hesabu alipewa kitambaa afute mkia mmoja huku darasa likimpigia makofi. Kila Ijumaa alishinda binti wa jirani yetu. Alikuwa akitembea polepole hadi ubaoni, vumbi la chaki likimwangukia mkononi kama unga. Ule unga niliutamani kuliko nyama ya Krismasi.

Ilipobaki 739, nilijua jinsi ya kumwangusha. Nyanya, au susu kama tunavyomwita kwetu, alikuwa ameanika ndengu uani, na muthokoi wa mahindi na maharagwe ukinukia jikoni. Nikahesabu punje mia saba thelathini na tisa, nikazipanga juu ya gunia safu za tisa tisa. Nyanya akaniita nikafukuze mbuzi shambani. Niliporudi nikamalizia kupanga, na hakuna hata punje iliyobaki. Nilikimbia hadi kwa jirani, nguo zote jasho.

"Namba yako imegawanyika," nikamwambia. "Kwa tisa. Nimepanga ndengu uani, hakuna iliyobaki."

Alikuwa akiokota mawe kwenye mahindi, wala hakuinua kichwa. "Jumlisha saba, tatu na tisa. Ni kumi na tisa. Hapo tisa inaingia wapi? Enda uulize kuku wa susu wako alidonoa ngapi."

Mama yake alicheka hadi akaketi chini. Ijumaa ile binti alifuta tena.

Siku hizi anauza vitambaa Makindu. Nilidhani nimempita. Lakini mlinzi wa shule, mzee wa rika la baba yangu, alichungulia dirishani akaona nilichoandika. "Aa," akasema, "hiyo namba ya binti wa jirani yenu." Akaenda zake. Ubao ni wangu, namba ni yake.

Mwalimu alishazikwa. Darasa la udongo lilibomolewa, uani kwa nyanya hakuna kuku. Nikachukua kitambaa, nikafuta mkia mmoja, na mwingine, polepole kama alivyokuwa akifanya yeye, hadi ikabaki saba. Nikasubiri makofi. Nje watoto walikuwa wakigombania sahani, na kalamu hizi za kisasa hazina hata vumbi la kukuangukia mkononi.