Mashine Iliyotaka Jina la Marehemu

Mke wa mwanangu ana steshenari hapa kijijini Daudi. Kompyuta aliachiwa na mume wangu, marehemu, na mwaka huu ilitaka kutuua wote wawili. Programu ya kuchapia mitihani ilikuwa inasahau. Anaweka saizi ya karatasi vizuri, akifunga na kufungua tena, imerudi ile ya zamani, maswali ya mwisho yanakatwa.

Akaja mwalimu mkuu, mtu wa Tanga, anaongea kama anaimba. "Shikamoo mama. Bibie, mitihani ni keshooo. Ikitoka imekatwa tena, kazi ya shule naipeleka mjini." Sasa bila shule ile, steshenari ni nini? Wengine wanatoa kopi ya kitambulisho, wanaenda zao.

Tukampigia fundi. Huyo anaongea kama anafukuzwa na mbwa: "Dada-dada-sikiliza, programu niliiweka kwenye akaunti ya mzee. Mipangilio inakaa kwenye folda yake. Wewe unasoma tu, ruhusa ya kuandika huna. Ingia kwa mzee, uipe akaunti yako ruhusa kwenye hiyo folda, basi. Neno la siri ni jina lake." Akakata.

Mkwe wangu akaondoa mikono kwenye kompyuta. Kwetu sisi mke wa mtoto hataji jina la baba mkwe, wala haliandiki.

"Andika tu, mwanangu. Amekufa, hasikii."

"Siwezi, mama." Sauti ya kifaranga kilicholoa.

"Basi naandika mimi."

"Mama, wewe hujui kusoma!"

"Na wewe hujui kutaja. Tumekutana."

Akawa ananionyesha herufi kwa kidole, mdomo ameufunga. Mimi nabonyeza kama naua chawa. Mashine ikakataa.

"Umeona? Mzee amekasirika," nikamtania.

"Mama, umebonyeza herufi moja mara mbili!"

Hapo hata mimi kicheko kiliisha. Niliona shule inaondoka, na huyu binti amekaa dukani anatazama barabara. Tukarudia, polepole. Ikafunguka.

Akaitafuta ile folda, akaweka akaunti yake, akatia tiki penye ruhusa ya kuandika. Akatoka kwa mzee, akaingia kwake. Akaweka saizi, akafunga programu, akafungua.

"Ipo, mama. Imekaa."

Bado hakuamini. Akachapa karatasi moja, akaishika kwa mikono miwili, akaangalia chini kabisa. Swali la mwisho lilikuwa zima.

"Sasa mama, kaa mbali na mashine," akasema. "Usije ukaibonyeza tena."