Mwenyekiti wa Soko la Tembo

Katika soko la Natta, siku tembo wanapoleta asali kubadilishana na mtama, hakuna anayesengenywa kama mwenyekiti wa wafanyabiashara. Eti ana roho mbaya, eti anapendelea wanyama. Nyangi, muuza mtama, huwaacha waseme, macho yake kwa mwenyekiti, mama anayepita gunia kwa gunia. Anakunja mkono wa blauzi, anauzamisha hadi kwenye kiwiko, anachota mtama wa chini kabisa na kuunusa. Leo, katika gunia la Makuru, mkono ulitoka na pumba. Hakugomba. Alilimwaga lote mbele ya tembo jike aliyekuwa akisubiri, akamjazia mtama kutoka akiba yake mwenyewe. "Samahani, mama," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Hapa hatuibi."

"Umenidhalilisha mbele ya mnyama!" Makuru alifoka.

Nyangi akashindwa kuvumilia. "Makuru, shamba lako liko kwenye njia ya tembo. Unadhani ni ule uzio wako wa miiba unaokufanya ulale usingizi?"

Mwenyekiti hakushukuru wala hakugeuka. Alishafika kwenye gunia la Nyangi, akikunja mkono wa blauzi. Nyangi akalifungua mwenyewe, kifua mbele.