Sahani ya Sambaza

Tangu Élodie akiwa mtoto, kila Noeli jirani yao wa mtaa wa Muhumba huwaletea sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, imefunikwa kwa kitambaa kile kile cha maua. "Kuku yenu iko peke yake, nimeiletea rafiki!" husema, kisha hucheka kabla ya watu wote. Nao humcheka yeye, humaliza samaki, na kumrudishia sahani tupu. Huipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa kiganja ingawa imeshaoshwa.

Mwaka huu aibu ilimsuta Élodie. Aliijaza sahani wali na paja la kuku, akaipeleka mwenyewe. Jirani alifunua kitambaa, kicheko kikamkatika.

"Yesu wangu! Sahani imerudi imejaa? Mutoto wangu, nani amekufa kwenu?"

Élodie aliona haya kumwambia kwamba wote ni wazima.